Mafuta ya Upako na Dhahabu ya Geita: Tafakari juu ya Mahubiri ya Mafanikio

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo mjini Moshi. Walikuwa wamehudhuria mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, kiongozi wa huduma ya Inuka Uangaze yenye makao yake Kawe, Dar es Salaam, ambaye wafuasi wake hupenda kumwita Bulldozer. Ibada ilipokaribia mwisho, mafuta yaliyoombewa yalimwagwa mahali pa kutokea, na watu wakaalikwa kuyakanyaga ili wapokee uponyaji na baraka. Umati ulisukumana kuelekea huko, walioanguka hawakuweza kuinuka, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Polisi walimshikilia mhubiri huyo Dar es Salaam, serikali ikatoa rambirambi, maiti zikazikwa. Mikutano iliendelea, na viwanja vya Kawe bado vilijaa.

Wakati ule watumishi wengi wa madhehebu ya zamani walijibu kwa namna mbili. Wapo waliocheka ujinga wa watu, na wapo waliozungumzia upana wa malango na idadi ya askari. Malango ni jambo la maana, wala sitaki kulidharau. Lakini mkuu wa polisi aweza kulishughulikia pasipo msaada wa chuo cha theolojia. Sisi tuna swali jingine: ni mahubiri gani yaliyomfanya mama aliyembeba mtoto mgongoni kuamini kwamba baraka ya maisha yake imo katika mita chache za ardhi yenye mafuta, na kwamba akichelewa atakuwa ameikosa? Naandika kutoka Geita, mbali na Moshi, na nitaonyesha kwa nini swali hili linatuhusu sana sisi wa ukanda wa dhahabu.

Mhubiri na chombo chake

Mafundisho ya mafanikio hayakuzaliwa Kawe. Nchini Marekani, Oral Roberts (1918–2009) aliingia katika televisheni tangu miaka ya 1950, akaifanya 3 Yohana 2 kuwa msingi wa huduma yake, ingawa aya ile ni salamu tu ya mwanzo wa barua, ya namna ambayo hata sisi huandika tukimtakia ndugu afya njema. Kenneth Hagin (1917–2003) aliongeza fundisho la kukiri kwa kinywa kile unachotaka kukipokea. Askofu Benson Idahosa (1938–1998) wa Benin City aliyapa mafundisho hayo sauti ya Kiafrika. Kutoka Nigeria yalitufikia yakiwa yamebadilika: pamoja na mbegu ya fedha, kulikuwa na kitu cha kushika mkononi, yaani maji, leso, stika, mafuta.

Aliyeieneza desturi hiyo kuliko wengine ni T.B. Joshua wa Lagos (1963–2021). Mwaka 2004 mamlaka ya utangazaji ya Nigeria ilipiga marufuku kutangaza miujiza isiyothibitishwa, naye akaanzisha kituo chake mwenyewe, Emmanuel TV, mwaka 2006, kikapokewa kwa madishi barani kote. Jarida la Forbes lilimkadiria mwaka 2011 kuwa na mali ya dola milioni 10 hadi 15. Mwezi Mei 2013 watu wanne walikufa Accra kwa kukanyagana walipokwenda kupokea maji yake ya upako. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Septemba 2014, nyumba ya wageni ya kanisa lake ilianguka Lagos na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao raia wa Afrika Kusini waliokuja kutafuta uponyaji. Hayo yote hayakumpunguzia heshima hapa kwetu. Novemba 2015, John Magufuli, mwana wa Chato katika mkoa wetu huu wa Geita, alipokuwa anajiandaa kuapishwa kuwa Rais, T.B. Joshua alifika Dar es Salaam, akaonana naye, na akaonana pia na Edward Lowassa aliyeshindwa, ambaye ni Mlutheri. Mkatoliki wa Chato na Mlutheri wa Monduli walimpokea nabii mmoja. Tusiseme basi kwamba jambo hili ni la Wapentekoste.

Utajiri wa mhubiri katika mafundisho haya ni hoja ya mahubiri yenyewe. Mhubiri maskini wa mafanikio ni kama mganga mgonjwa. Gari lake, suti yake na walinzi wake ni ushuhuda wa kwanza kabla hajafungua Biblia. Ndiyo sababu mwishoni mwa mwaka 2017 Askofu Zachary Kakobe, ambaye kwa mafundisho yake ya utakatifu simweki kundi moja na wahubiri wa mafuta, aliona si vibaya kutamka kwamba ana fedha kuliko serikali. Mamlaka ya Mapato ikamchunguza, na Februari 2018 ikatangaza kwamba hana akaunti ya benki kwa jina lake. Fedha zilizoonekana, zaidi ya shilingi bilioni 8, zilikuwa za kanisa. Watu wengi walicheka, nadhani bila kuona uzito wa jambo lile. Ikiwa askofu anaweza kuhesabu mfuko wa kanisa kuwa utajiri wake, na waumini wakashangilia badala ya kuuliza, basi tajiri yule amekwisha kuwa tajiri kwa niaba yao. Wao wanapanda daladala, lakini katika yeye wamefika.

Televisheni ina mchango wake katika hili. Katika usharika wa kawaida, mtu aliyeombewa na hakupona yupo pale Jumapili ijayo, kwenye benchi lile lile, na mchungaji analazimika kuhubiri akimtazama usoni. Kwenye televisheni mtu huyo hayupo. Kipaza sauti hupewa aliyepata kazi, aliyepata mume, aliyeuza kiwanja. Wale wengine 1,000 waliokanyaga mafuta yale yale wakarudi na madeni yao hawana mtu wa kuwahoji. Sisemi kwamba shuhuda zile ni za uongo; nyingine naamini ni za kweli, kwa kuwa Mungu hamnyimi mtu mkate kwa sababu ya makosa ya mchungaji wake. Nasema kwamba kamera inachagua, na kile inachokiacha nje ndicho Zaburi nyingi zilichoandikiwa.

Swali la mchimbaji

Mahubiri haya husikika kwa redio, dishi na simu za mkononi hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Huko yanakutana na watu ambao walikuwa na swali kabla mhubiri hajafika. Dhahabu ina tabia ambayo pamba na mahindi havina. Mkulima anajua kwa kadiri fulani kwa nini jirani amevuna zaidi: alipanda mapema, alipalilia mara mbili, ana ng'ombe wa kulimia. Wachimbaji wawili huchimba maduara mawili yaliyo hatua kumi mbali, kwa jasho lile lile na kina kile kile. Mmoja anapata mawe yenye dhahabu na kujenga nyumba Katoro, mwingine anapata vumbi na deni la chakula. Kwa nini yeye na si mimi?

Jibu la zamani linajulikana kwa kila mtu wa Usukumani: ametengeneza. Ana ndagu. Alikwenda kwa mganga, akapewa dawa pamoja na masharti, na utajiri wake una bei ambayo mtu mwingine ataulipia. Imani hiyo si hadithi ya jioni. Tangu mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika Shinyanga, Mwanza na Geita kwa sababu wapo walioamini kwamba viungo hivyo huleta dhahabu na samaki, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi Januari 2009. Wauaji waliongozwa na theolojia fulani ya mali: kwamba utajiri umefungwa mahali, kwamba upo ufunguo, kwamba ufunguo unauzwa.

Sasa tulinganishe. Mhubiri wa mafanikio anakuja na kuilaani ndagu kwa sauti kubwa, na katika hilo anasema kweli. Mchimbaji anayemfuata anaacha hirizi na anaacha kuwaogopa wazee wenye macho mekundu. Si jambo dogo katika nchi ambako ajuza wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ningependa wanafunzi wangu walipime jambo hili kwa haki kabla ya kuandika hukumu. Hata hivyo sarufi ya usemi wake imebaki ile ile. Utajiri umefungwa, safari hii na roho za ukoo. Upo ufunguo, nao ni mafuta. Upo mtu mmoja mwenye nguvu za kuutoa, na kumfikia kuna utaratibu. Kuna sadaka ya kutangulia. Na usipofanikiwa yapo masharti uliyoyavunja: uliona shaka, uliacha dhambi moja bila kuitubu, mbegu yako ilikuwa ndogo. Mteja wa mganga akikosa huambiwa hivyo hivyo. Hakuna hata siku moja ambapo dawa hukiri kwamba imeshindwa.

Kwa hiyo nakataa maelezo ya wale wasemao kwamba mafundisho haya ni tamaa ya Marekani iliyopandikizwa Afrika. Nakataa pia maelezo kwamba watu wetu wamedanganywa tu. Mchimbaji mmoja wa Rwamgasa aliniuliza wakati fulani, bila hasira: “Mchungaji, kanisa lenu lina neno gani la duara?” Alijua kwamba tuna neno la ubatizo, la ndoa na la kaburi. Duara ndiko anakoshinda siku sita za juma, na huko hakutuona.

Mafuta katika Maandiko

Tusikimbilie kusema kwamba mafuta si ya Kikristo. Mitume waliwapaka wagonjwa mafuta (Marko 6:13), na Yakobo 5:14 inaagiza hivyo waziwazi. Basi tuisome Yakobo polepole. Mgonjwa yuko nyumbani. Anawaita wazee, na wazee wanakwenda. Ni wengi, si mmoja mwenye jina. Wanaomba juu yake, wanampaka kwa jina la Bwana, na aya inayofuata inataja kuombea kwa imani na kusamehewa dhambi; mali haitajwi kabisa, na sura ile ile imeanza kwa maneno makali sana juu ya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao. Katika Yakobo mafuta yanamwendea mtu. Moshi watu waliyakimbilia mafuta. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kuandikia somo zima la uchungaji.

Mwanafunzi makini atanitajia Kumbukumbu la Torati 33:24, ambapo Asheri anabarikiwa kuchovya mguu wake katika mafuta. Ni kweli, mguu upo na mafuta yapo. Lakini Musa pale anabariki makabila kwa habari ya nchi watakazokaa, na nchi ya Asheri ilikuwa ya mizeituni. Picha ni ya mavuno tele kiasi kwamba mafuta yanatiririka hadi miguuni. Ni sawa na Yakobo kumwambia Yuda habari za kufua nguo katika divai (Mwanzo 49:11), na hadi leo sijasikia mtu akianzisha ibada ya kufua nguo kwa divai. Penginepo katika Agano la Kale mafuta ya kutia wakfu humiminwa kichwani, na aliyepakwa hutengwa kwa kazi, mara nyingi kazi ya mateso. Daudi alipakwa mafuta, kisha akakaa mapangoni miaka mingi akiwindwa na Sauli.

Linalonivutia zaidi ni jina la huduma yenyewe. Inuka Uangaze limetoka Isaya 60:1, na sura hiyo kweli inazungumzia utajiri. Aya ya 6 inataja dhahabu kwa jina. Mhubiri wa Geita asingepata somo lililo karibu zaidi na wasikilizaji wake. Lakini anayeambiwa ainuke ni Yerusalemu, mji mzima uliolala kifudifudi baada ya uhamisho, si mtu mmoja mmoja mwenye biashara yake. Dhahabu inaletwa kwa sifa za Bwana na kwa ujenzi wa mahali pa wote. Na tukiendelea hadi aya ya 17 na 18, nabii anaahidi kwamba wasimamizi watakuwa amani na haki, na kwamba jeuri haitasikika tena katika nchi ile. Huko ndiko dhahabu inakoelekea katika Isaya. Mathayo naye anaisoma sura hiyo kwa namna yake: mamajusi wanaleta dhahabu kweli, na wanaiweka mbele ya mtoto ambaye usiku ule ule inabidi akimbizwe asiuawe.

Kuhusu sakramenti, Katekisimo imetufundisha kwamba kitu cha kuonekana huwa sakramenti pale neno la ahadi la Kristo linapoambatana nacho. Maji yana ahadi. Mkate na divai vina ahadi. Mafuta ya kukanyagwa kwa ajili ya biashara hayana ahadi yoyote ya Kristo, isipokuwa ahadi ya mhubiri. Ndipo dhamiri inapoingia hatarini, kwa maana mtu aliyesimama juu ya neno la Kristo anaweza kukosa vyote na bado akawa na Mungu, bali aliyesimama juu ya neno la mhubiri akikosa hubaki na lawama kwa nafsi yake.

Luther alilijua jambo hili kwa sura nyingine. Alipoandika Hoja 95 mwaka 1517, Johann Tetzel alikuwa anauza vyeti vya msamaha, na nusu ya mapato yale ilikuwa ikilipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa benki ya akina Fugger. Walionunua hawakuwa wajinga. Waliwapenda marehemu wao na walitaka uhakika. Luther hakuwacheka, alikasirika kwamba walikuwa wanauziwa kile walichokwisha kupewa. Katika mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518 alitenganisha mwanatheolojia wa utukufu, anayeita kibaya chema na chema kibaya, na mwanatheolojia wa msalaba, anayeita jambo kwa jina lake. Mahubiri ya mafanikio hayawezi kuliita deni kuwa deni, wala silikosisi kuwa silikosisi, wala duara lililoporomoka kuwa duara lisilo na matimba. Kila kitu hakina budi kuitwa roho.

Nyumbani mwetu

Lakini tutasema haya kwa mdomo gani? Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT. Wapo wagonjwa waliofia katika foleni, wapo walioacha dawa zao, na wapo viongozi wetu waliomtetea hadharani. Bei ilikuwa ndogo na mzee yule hakujenga ghorofa. Namheshimu kwa hilo. Hata hivyo chuo chochote cha Kilutheri kinachomkosoa Mwamposa bila kutaja Samunge hakitasikilizwa, wala hakistahili kusikilizwa.

Kisha kuna bahasha. Sharika nyingi zina bahasha zenye namba, ahadi zinazosomwa kwa majina, na harambee ambamo mwenye duara hukaribishwa meza ya mbele pasipo mtu kuuliza fedha zimetoka wapi wala vijana waliochimba wamelipwa nini. Malaki 3:10 tunalisoma sisi pia, na mara nyingi tunalisoma kama wanavyolisoma Kawe. Gehazi alikuwa mtumishi wa nabii wa kweli. Elisha alikuwa amekataa kupokea chochote kwa Naamani, na aliyekimbilia gari kuomba fedha na mavazi alitoka ndani ya nyumba ile ile (2 Wafalme 5).

Nirudi kwenye swali la mchimbaji. Mwezi Oktoba 2015, duara liliporomoka Nyangarata, wilaya ya Kahama, na kuwafunika wachimbaji sita. Mmoja alikufa humo chini. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi na wadudu na kukinga maji yaliyodondoka. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Waliowafikia ni wachimbaji wenzao. Siwezi kulihubiri tukio hilo kwa theolojia ya mafuta, kwa sababu ingenilazimu kusema ni nani kati ya wale sita aliyekuwa na imani. Naweza kulihubiri kwa theolojia ya Kristo aliyeshuka kuzimu, ambaye tunamkiri kila Jumapili na ambaye mchimbaji anaweza kumwelewa vizuri kuliko profesa.

Wanafunzi wameniuliza mchungaji afanye nini msharika akileta chupa ya mafuta aliyoipata Kawe. Asiitupe. Amwulize aliahidiwa nini, na ni kitu gani anachokihitaji hasa. Kisha awachukue wazee, aende nyumbani kwake, asome Yakobo 5 yote, tangu aya ya kwanza, na aombe. Kama shida ni duara, aende hadi mdomoni mwa duara. Aombee uhai wa wanaoshuka. Aulize kama matimba yamewekwa, kama zebaki inachomwa karibu na watoto, na kama mawe yanagawanywa kwa haki kati ya mwenye duara na wavuja jasho. Ibada hiyo isilipiwe. Mwenye duara aliyezoea kuulizwa habari za sadaka tu huenda asilipende swali la matimba, na mchungaji asitegemee bahasha nene Jumapili hiyo.